Ringi ya Pikipiki Si Dirisha

Rangi ya unga imezoeleka kwenye madirisha, mageti na viti vya chuma. Chuma husafishwa, hupuliziwa unga, huingizwa kwenye tanuri, kazi imekwisha. Ringi kuukuu ya pikipiki nayo ikipitishwa njia hiyohiyo hutoka inang'aa, kisha haichukui muda spoku zikaanza kulegea. Dirisha limetulia ukutani. Ringi inavutwa na spoku 36 kwa mpigo, huku imebeba motari (dereva wa pikipiki ya abiria), abiria na gunia la viazi kwenye kilima cha kutokea Gisenyi, Rwanda. Ubora wa kazi hii basi unapimwa kwa gurudumu, rangi inafuata.

Tuchukue gurudumu la nyuma la pikipiki ya Boxer au TVS: ringi ya chuma iliyopakwa kromu, habu ya alumini ya kumiminwa, breki ya ngoma. Kwa Gisenyi gurudumu hili halina raha. Mvua ni nyingi, vumbi la mawe ya volkano hukwaruza kromu, na moshi wa volkano ya Nyiragongo ng'ambo ya mpaka una gesi ya salfa inayoweza kutia mvua tindikali. Lakini kutu mbaya zaidi haionekani kwa nje. Maji hupenya kwenye matundu ya nati za spoku, yakatuama kwenye mfereji wa ndani, chini ya tyubu.

Ndiyo maana fundi makini haahidi chochote kabla ya kutoa tairi na kung'oa spoku zote. Anapiga brashi ya waya kuzunguka kila tundu, kisha anaangalia ukingo wake. Kama chuma kimeliwa hadi kuwa chembamba, au tundu limetanuka na kupoteza uduara, ringi hiyo ni ya chuma chakavu. Rangi hufunika kasoro hiyo vizuri sana, na hapo ndipo hatari ilipo: siku moja nati itapenya tundu pikipiki ikiwa barabarani.

Ringi ikipona kwenye ukaguzi, adui wa kwanza ni kromu yenyewe. Inateleza na ni ngumu, unga haupati pa kushika. Baadhi ya mafundi huitumbukiza kwenye tindikali. Kromu hutoka haraka, lakini tindikali hujificha kwenye mikunjo ya ukingo na kurudi baadaye kama kutu chini ya rangi. Maji yaliyobaki nayo ni sumu, hayafai kumwagwa mtaroni yakaishia Ziwa Kivu. Njia iliyo salama zaidi ni kupiga kwa hewa ya kompresa na chembe ngumu, kama za garneti au oksidi ya alumini, mpaka uso mzima uwe wa kijivu na wenye mkwaruzo sawasawa. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, lakini vumbi lake la silika huharibu mapafu moja kwa moja. Baada ya hapo ringi haiguswi kwa mkono mtupu: jasho la vidole tu linatosha kuanzisha kutu.

Kabla ya kupuliza huja hatua ambayo dirisha halina, yaani kuziba. Beringi zote hutolewa, maana grisi na sili zake haziwezi kuvumilia tanuri. Uso wa ndani wa ngoma ya breki na vikalio vya beringi hufunikwa kwa tepu na vizibo vya silikoni vinavyostahimili joto. Kisha matundu ya nati. Tabaka la unga lina unene wa mikroni 60 hadi 80, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo, ila spoku iliyokazwa nayo hurefuka kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na mvuto wote wa gurudumu umo katika urefu huo. Rangi ikikaa chini ya nati, ikaminywa na kusagika, spoku imepoteza sehemu kubwa ya mvuto wake. Kwa hiyo vikalio vya nati huachwa na tabaka jembamba la praima, yaani rangi ya msingi, tu.

Kwenye kupuliza, unga hupewa chaji ya makumi ya maelfu ya volti na chuma huunganishwa na ardhi. Umeme hupenda kingo na hukwepa mashimo, hivyo mfereji wa ndani, ulikozaliwa kutu, ndio unaopata unga mchache. Fundi anayeijua kazi huanza na mfereji huo, akiwa amepunguza volti, ndipo anageukia nje. Chini huwekwa praima ya epoksi yenye zinki, juu poliesta, kwa sababu epoksi ikiachwa wazi kwenye jua kali la nyanda za juu hufifia na kutoa chaki.

Tanuri hudanganya wengi. Nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20 ni joto la chuma chenyewe, halihesabiwi kwa hewa iliyokizunguka. Ringi nyembamba huwahi, habu nene huchelewa, kwa hiyo hazichomwi pamoja kwa muda uleule. Habu ya kumiminwa ina vinyweleo vyenye hewa na mafuta. Isipochomwa kwanza bila rangi, hutoa malengelenge. Kuhakiki ni rahisi: chovya kitambaa kwenye asetoni, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kubaki kitambaani, haijaiva.

Baada ya spoku kurudishwa na ringi kunyooshwa, gurudumu hurudi kwa fundi baada ya siku chache za kazi ili spoku zikazwe upya. Anayekabidhi pikipiki bila kutaja miadi hiyo ameuza rangi tu.

Je, inalipa? Kusuka spoku ni gharama ileile, upake ringi ya zamani au ununue mpya. Kinachobaki kulinganishwa ni bei ya kupiga chembe, praima na unga dhidi ya bei ya ringi mpya dukani. Kwa ringi ya kawaida ya chuma, mara nyingi mpya itashinda. Unga unastahili pale ringi ya asili ni nzito na imara kuliko ile ya dukani, au ni ya pikipiki ambayo vipuri vyake vimeadimika, na matundu yake yamepita ukaguzi. Nje ya hapo, pesa ya rangi iende kwenye ringi mpya na spoku mpya.