Doudou, Confucius na Amri ya Nne

Washarika wengi hapa Soweto wanaukumbuka mchezo wa Kichina uliooneshwa TBC mwaka 2011, Doudou na Mama Wakwe Zake. Doudou ni muuguzi. Anaolewa na Yu Wei, mpiga picha ambaye wazazi wake waliachana, na kwa hiyo anajikuta na mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Uliwekewa sauti za Kiswahili, nasi tulicheka kana kwamba mambo yanatokea Mwanjelwa. Hata Rais Xi Jinping aliutaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013.

Ni mchezo mzuri. Lakini unamhubiri nani? Ukomunisti hausikiki sana humo. Anayesikika ni Confucius: mdogo amvumilie mkubwa, na amani ya nyumba ianzie kwa anayenyenyekea. Wazee wetu waliojenga TAZARA pamoja na Wachina, 1970 hadi 1975, wangeshangaa. Miaka ileile, kule China, Confucius alikuwa akishutumiwa hadharani, na Walinzi Wekundu walikuwa wameshaliharibu kaburi lake Qufu mwaka 1966. Leo, chini ya chama kilekile, taasisi za kufundisha Kichina zina jina lake, Dodoma na Dar es Salaam zikiwemo. Hatudhani hiyo ni toba. Watu wakipoa katika mapinduzi, mtawala hutafuta kitu kingine cha kuwashika, na heshima ya nyumbani huhamishika kwa urahisi hadi ofisini. (Confucius mwenyewe anaonewa kidogo: alifundisha pia kwamba mzazi akikosea, mtoto amwonye kwa upole. Hilo watawala hawalipigii debe.)

Ila tusiwanyoshee Wachina kidole. Luther naye, katika Katekisimo Kubwa, aliipanua Amri ya Nne kutoka kwa wazazi hadi watawala. Lakini hakuwaacha wazazi bila agizo. Sisi wachungaji ndio tunaoishia katikati. Kwenye sendoff tunamhimiza mkamwana avumilie, tunakula, tunaondoka. Efeso 6 inawakataza wazazi kuwachokoza watoto, mara tu baada ya mistari ile tunayoipenda, nasi tunafunga Biblia kabla ya kufika hapo. Ni lini tulimgeukia mama mkwe, mbele ya ukoo wake, tukamwambia neno?

Dada mmoja alitujia ofisini mwaka mmoja baada ya ndoa. Alituuliza, kama Doudou angeolewa Mbeya, nani angemtetea. Tulisali naye, akaenda zake.