Swali kwa Mtoto Asiyesema

Mpimaji wa macho hutegemea ulimi wa mgonjwa. Humwonyesha ubao wa herufi, mgonjwa akazitaja, na pale anapoanza kubabaika ndipo kipimo kinapoishia. Mtoto wa miezi miwili hatakutajia herufi. Davida Teller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliyefariki mwaka 2011, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kutafuta namna ya kumuuliza mtoto huyo na kupata jibu la kuaminika.

Msingi aliukuta. Robert Fantz, kule Cleveland, alikwishaonyesha kwamba mtoto mchanga akiwekewa picha mbili, moja ya mistari na nyingine tupu, hupenda kuikodolea ile ya mistari. Lakini je, aitazame kwa sekunde ngapi ndipo tuseme ameiona? Watoto hupiga miayo, hulia, hugeukia sauti ya mama.

Teller akaligeuza swali. Weka kiwambo cha kijivu chenye mistari upande mmoja, kushoto au kulia. Nyuma yake mweke mtu mzima anayechungulia kwenye kitundu cha katikati. Anauona uso wa mtoto, basi. Mistari iko upande gani, hajui. Kwa kumtazama mtoto tu, aseme ni kushoto au kulia, na kujibu "sijui" hakuruhusiwi. Ashike dalili yoyote: jicho lililoganda, shingo iliyogeuka, tabasamu. Kila akijibu huambiwa kama amepata au amekosa, hivyo taratibu anazizoea tabia za mtoto aliye mbele yake. Mtu anayebahatisha atapata nusu. Akipata robo tatu, habari hiyo imemfikia kwa njia gani? Hakuna njia nyingine ila macho ya mtoto. Nimelitafakari hili mara nyingi na bado linanistaajabisha: kutojua kwa mpimaji ndiko kunakokilinda kipimo.

Uangalifu huohuo aliupeleka kwenye rangi. Mtoto akiligeukia umbo jekundu kwenye kiwambo cheupe, huenda havutwi na wekundu. Huenda ameona tu kwamba pale pana mwanga zaidi, au pungufu. Na hakuna ajuaye ni wapi, machoni mwa mtoto mchanga, ung'avu wa nyekundu unalingana na wa nyeupe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, Teller na mwenzake Peeples hawakujaribu kukisia. Walibadilisha ung'avu kwa hatua ndogondogo kulizunguka eneo lote ambamo ulinganifu huo ungeweza kutokea. Watoto wa miezi miwili waliendelea kulitambua umbo jekundu katika kila hatua. Basi waliona rangi.

Napenda pia jinsi alivyojizuia. Mpimaji akishindwa, Teller hakuandika kwamba mtoto haoni. Huenda ameona na hakuvutiwa.

Utaratibu wa maabara ulikuwa mrefu mno kwa kliniki. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake, akiwemo Velma Dobson, waliufupisha kuwa kadi za kijivu zenye mistari upande mmoja na kitundu katikati, na kazi ikawa ya dakika chache. Matokeo yakazaa kanuni rahisi kukumbuka: mtoto wa mwezi mmoja hutofautisha takriban jozi moja ya mistari, mweusi na mweupe, katika kila digrii ya pembe ya kuona, na wa miezi sita, takriban sita. Mtu mzima hufika 30 na zaidi.

Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1986, wa kugandisha sehemu ya retina ili kuwaokoa watoto njiti na upofu, ulizitumia kadi hizo. Wengi wao walitibiwa jicho moja tu. Walipotimiza takriban mwaka mmoja walipimwa jicho baada ya jicho, na madaktari wakapata kulinganisha jicho lililotibiwa na lile lililoachwa, miaka kadhaa kabla watoto hao hawajaijua herufi yoyote.