Kano Huponywa na Mzigo: Uchambuzi wa Tiba ya Umeå

Katikati ya miaka ya 1990, daktari bingwa wa mifupa katika mji wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, alikuwa akisumbuliwa na kano ya kisigino. Daktari huyo, Håkan Alfredson, alipenda kukimbia, na kila mbio zilimwachia maumivu. Alimwomba mkuu wake wa kazi afanyiwe upasuaji, akakataliwa, kwa kuwa hospitali haikuweza kumkosa kwa wiki nyingi za mapumziko. Akaamua kuitesa kano hiyo hadi ikatike, ili upasuaji usiwe na mjadala tena. Aliibebesha mzigo juu ya mzigo. Kano haikukatika, na maumivu yakaisha.

Alfredson na wenzake waliligeuza tukio hilo kuwa utafiti. Mwaka 1998 walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wa ridhaa, wenye umri wa wastani wa miaka 44, waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino na waliokwisha kujaribu kupumzika, dawa na kubadili viatu bila nafuu. Baada ya wiki 12, wote 15 walikuwa wakikimbia kama kabla ya kuumia. Kundi jingine la watu 15, lililopata tiba za kawaida, liliishia kwenye upasuaji. Makundi yalikuwa madogo, na tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa si kila mgonjwa hupona kabisa. Hata hivyo, tiba ya kano haikurudi tena ilivyokuwa.

Zoezi lenyewe linahitaji kidato cha ngazi tu. Unasimama kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia ukingoni. Unajiinua kwa mguu usiouma, unahamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha unakishusha kisigino polepole hadi chini ya usawa wa kidato. Mguu unaouma hauna kazi ya kupanda. Kazi yake ni kushuka. Unafanya marudio 15 kwa seti tatu goti likiwa limenyooka, halafu seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa kigimbi nao upate sehemu yake. Ratiba ilikuwa asubuhi na jioni, siku saba za wiki, yaani mishuko 180 kwa siku. Maumivu ya kustahimilika yaliruhusiwa. Yalipopungua, mgonjwa alivaa begi lenye uzito mgongoni na kuuongeza kidogo kidogo.

Mzigo unaponyaje kitu kilichoumizwa na mzigo? Jibu linaanzia katika maumbile ya kano. Kano ni kifungu cha nyuzi za kolajeni kinachounganisha msuli na mfupa, na damu inayoifikia ni kidogo ukilinganisha na ile ya msuli. Ukarabati wake ni wa taratibu mno. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark waliupima kwa kutumia kaboni ya mionzi iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1955 hadi 1963. Walikuta kwamba kiini cha kano ya kisigino hujengwa hadi umri wa takriban miaka 17, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Anayeanza kupiga chuma nyumbani huona nguvu ikiongezeka ndani ya wiki chache, ilhali kano ziko nyuma. Akiongeza dumu jingine la maji au kopo zito zaidi la saruji kwa sababu misuli inaweza, kano ndizo zinazolipa.

Kano iliyoumia kwa muda mrefu huwa nyuzi zake zimevurugika, na vidonge vya maumivu hutuliza bila kuzipanga upya. Sindano ya steroidi inahitaji tahadhari zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2010 yalionyesha kuwa kwa kano za kiwiko hupunguza maumivu wiki za mwanzo, lakini baada ya miezi kadhaa hali huwa mbaya kuliko ya waliopata tiba nyingine. Kulala kitandani nako hakusaidii, kwa kuwa kano hudumisha uimara kwa kubebeshwa mzigo; isiyobebeshwa kitu huupoteza, na siku ya kurudi mazoezini inakutana na uzito uleule ikiwa dhaifu zaidi.

Je, siri ilikuwa kushuka peke yake? Mwaka 2015 watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa 58: wengine walifuata mtindo wa Umeå, wengine walinyanyua mizigo mizito polepole mara tatu kwa wiki, sekunde tatu kupanda na tatu kushuka, wakianza na marudio 15 na kuishia na sita yenye uzito mkubwa zaidi. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa iliyodumu mwaka mzima, na la mara tatu kwa wiki lilishika ratiba vizuri zaidi. Kwa hiyo kilichoponya ni uzito wa kutosha, mwendo wa polepole na miezi ya uvumilivu. Kwa mtu mwenye kazi za kutwa, siku tatu ndizo zinazotekelezeka.

Kipimo cha maumivu yanayoruhusiwa kilitoka Gothenburg, Sweden. Yahesabu maumivu kutoka sifuri hadi kumi: hadi tano yanakubalika wakati wa zoezi, mradi yawe yametulia asubuhi inayofuata na yasizidi wiki hadi wiki. Yakizidi, punguza uzito, usiache zoezi.

Kanuni hiyohiyo inafaa kwingine. Kano ya chini ya pia ya goti, chuchumaa polepole hadi kina unachokimudu. Kiwiko upande wa nje, shika chupa iliyojaa maji kiganja kikitazama chini, inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, kisha kishushe polepole. Maumivu yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, fanya zoezi sakafuni, usishuke chini ya usawa wake.

Kuna wakati wa kuacha mazoezi na kwenda hospitali. Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya kifundo, kama umepigwa teke, na ukashindwa kusimama kwa vidole, kano huenda imekatika. Uvimbe mwekundu wenye homa nao haungoji. Na kama maumivu yameanza ukitumia siprofloksasini au dawa nyingine za jamii yake, mwambie daktari mara moja, kwani dawa hizo zinajulikana kudhuru kano.

Kwa wengine wote, punguza mzigo badala ya kuuondoa, uuongeze kwa kipimo, na usiihukumu tiba hii kabla ya wiki 12 kutimia.