Pingili si fundo: Kiswahili cha mianzi ya maabara

Juzi niliwekewa mezani kijitabu cha Kiswahili kuhusu ukuzaji wa mianzi katika maabara, kilichoandikiwa wenye vitalu vya miche. Nia yake ni njema. Aina nyingi za mianzi huchanua mara moja tu baada ya miongo mingi, kisha hufa. Mbegu, basi, ni adimu, ilhali maabara huweza kutoa maelfu ya miche kutokana na machipukizi machache.

Tatizo ni tafsiri. Ukurasa wa kwanza unatangaza "utamaduni wa tishu". Jamani, tishu nazo zina ngoma na mavazi? Mbele kidogo, ule mchanganyiko wa sukari, madini na homoni unaolisha chipukizi chupani unaitwa "chombo cha habari"! Nilicheka, nakiri. Mimi ningeandika "ukuzaji wa tishu" na "rojo la kukuzia". Wakulima wetu wa migomba hata hawakungoja wasomi. Wao husema "ndizi za tishu", na wanaelewana.

Hata hivyo, makosa hayo hayamdhuru mtu kwa sababu yanajianika yenyewe. Linalonikera ni lile lililovaa Kiswahili sanifu. Kijitabu kinaagiza: "Kata pingili changa, uisafishe kwa dawa." Pingili, iwe ya muwa au ya mwanzi, ni kile kipande kilicho kati ya fundo na fundo. Jicho linalochipuka halimo humo, limo kwenye fundo. Atakayetii agizo hilo neno kwa neno atapeleka maabara kipande kisicho na jicho, asubiri hadi achoke. Maneno yote mawili tunayo, na kila mtafuna miwa anayajua. Mtafsiri aliyachanganya tu, na mhariri, kama alikuwapo, akapitisha.

Kisha kuna "fanya miche iwe migumu". Mche utokao chupani umelelewa katika unyevunyevu mwingi mno; majani yake bado hayawezi kuzuia maji yasipotee. Mwenye kitalu akisoma "migumu" ataianika juani, na jioni ataikuta imenyauka. Kumbe kilichokusudiwa ni kuizoesha: ikae kivulini chini ya plastiki, ifunuliwe kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka iweze kustahimili hewa ya nje.