Chumvi Isiyo na Wenyewe

Kambi ndogo ya kitalii ni aina ya tamthiliya, na inafaa kuhakikiwa hivyo. Ina jukwaa, ina maleba, ina wahusika waliopewa maneno ya kusema na wengine walionyimwa. Ile niliyolala siku tatu pembezoni mwa uwanda wa Ntwetwe, nchini Botswana, kwa hisani ya mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Francistown, ilikuwa na mahema saba tu.

Jukwaa lenyewe halina mfano. Makgadikgadi ni mabaki ya ziwa la kale ambalo wataalamu hukadiria kuwa lilikaribia Ziwa Victoria kwa ukubwa. Maji yalikauka, chumvi ikabaki. Leo kuna nyanda kuu mbili, Ntwetwe upande wa magharibi na Sua upande wa mashariki, pamoja na vingine vidogo vidogo. Wakati wa kiangazi huoni jani wala kichuguu. Mvua zikinyesha vema, Sua hujaa maji ya kina kifupi na heroe huja kwa maelfu kutaga. Jioni ya kwanza kiongozi wetu alizima gari katikati ya weupe ule, akatutaka tutawanyike, tulale chali, tusiseme neno kwa nusu saa. Nimekagua mazoezi ya kufundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mwalimu aliyetumia ukimya kwa ustadi kama ule. Nilisikia damu yangu ikipita masikioni. Kwa hilo kambi inastahili sifa zote, na nguchiro waliozoea watu asubuhi yake walikuwa nyongeza tu.

Maleba ndiyo yaliyoanza kunitia shaka. Mazulia, masanduku ya ngozi, taa za mafuta, ramani za karne ya kumi na tisa, picha za Wazungu wenye ndevu. Na hadithi iliyosimuliwa mezani ilifuata picha hizo: hapa alipita Livingstone, pale alipita James Chapman, kule Thomas Baines alichora mibuyu mwaka 1862. Tulipelekwa kuuona mbuyu mkubwa unaoitwa kwa jina la Chapman, ulioanguka Januari 2016, vigogo vyake vimelala kila upande. Kila mti ulikuwa na tarehe, na kila tarehe ilikuwa na mgeni. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa masimulizi hayo, palikuwa na wanyama, na Wasan wakichimba mizizi.

La hasha! Neno Sua lenyewe, katika lugha ya Wasan wa huko, maana yake ni chumvi. Watu wasioijua bidhaa hawawezi kupaita mahali kwa jina la bidhaa hiyo. Wasan wa upande wa Mto Nata walichota chumvi na kuibadilishana na majirani zao Wakalanga. Katika kisiwa cha Kubu, kilima cha mawe kilichoinuka pembeni mwa Sua, kuna kuta zilizojengwa kwa mikono ya watu wa kale. Hatukupelekwa, tukaambiwa ni mbali. Mtu wa Kigoma haoni ajabu yoyote katika mambo haya. Chumvi ya Uvinza imepikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mtoto wa darasa la nne angecheka ukimwambia kwamba ilianza siku alipopita Mzungu wa kwanza.

Wala uwanda ule haujaacha kufanya kazi. Tangu mwaka 1991 mgodi wa Sua umekuwa ukivuta maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi, kuyaanika mabwawani na kutoa magadi, yale yanayotumika viwandani kutengenezea vioo. Mji wa Sowa umejengwa kwa ajili yake. Siku tatu nzima sikusikia ukitajwa. Nadhani mgodi unaharibu sura ya utupu, na utupu ndio unaouzwa pale, tena kwa bei ambayo mwalimu mstaafu haitaji mbele ya mkewe.

Usiku wa mwisho nilimfuata kiongozi wetu, kijana wa Gweta, nyuma ya hema la jikoni, nikamwuliza habari za chumvi. Akaanza na bibi yake mzaa mama: punda wawili, magunia, mwendo wa siku kadhaa, kurudi na mtama na tumbaku. Mezani alikuwa akisema kama aliyekariri. Hapa alisimama, akaonyesha kwa mikono jinsi gunia linavyofungwa lisimkate punda mgongo, na wapishi wawili wakaacha vyombo wakaja kumsahihisha. Kumbe kila mmoja wao alikuwa na bibi.

Nikamwuliza kwa nini wageni hawasimuliwi haya.

"Rra," aliniambia, "hizo ni habari za nyumbani. Za kambi ni zile nyingine."

Nilitaka kujua ni nani aliyemwandikia andalio la somo lile la mezani. Alicheka, akaniongezea chai.