Mtaro wa Mawe Ndani ya Mkato wa Barabara

Katika Igoma, pale mitaa inapoiacha barabara kuu itokayo Mwanza mjini kwenda Kisesa na Musoma, mhandisi achoraye mkato wa barabara hukabiliwa na mambo matatu ambayo vipande vya mkato vilivyomo tayari katika programu ya Civil 3D aghalabu havitoshi kuyakidhi kwa pamoja: ardhi yenye miamba na isiyo sawa, mtaro wa kujengwa kwa mawe, na ukuta wa jirani uliosimama karibu mno na ukingo wa barabara. Ndiyo sababu ya kujifunza Subassembly Composer, programu ya Autodesk ambayo kwayo mtu huunda kipande chake mwenyewe kwa kupanga nukta, mistari na maumbo katika mtiririko wa hatua.

Wanafunzi wengi huanza kwa kuchora. Na hapo, kwa rai yangu, ndipo wanapopotea, kwani kabla ya mstari wowote yafaa ardhi iulizwe. Huwekwa kwanza nukta saidizi, AP1, penye ukingo wa bega, ambayo kazi yake ni kupima umbali wa wima hadi uso wa ardhi: jibu likiwa hasi, yaani nukta imo chini ya ardhi, ni mahali pa kuchimba na mtaro wahitajika; likiwa chanya, ni mahali pa kujaza tuta. Sentimita chache hubadili hukumu, maana njia ya mita 3.25 iinamayo kwa asilimia 2.5 tayari imeushusha ukingo wake takriban sentimita 8.

Swali la pili ni la jirani. Mstari wa mpaka wa viwanja hutiwa kama shabaha ya upande, yaani kitu cha nje ambacho kipande hupima umbali wa kukifikia. Nafasi ikitosha, mteremko wa kawaida hupanda hadi ardhini, na isipotosha, ukuta wa nje wa mtaro huinuliwa wima ukazuia udongo. (Mwenye nyumba hatauona mchoro, illa ukuta atauona.)

Maumbo nayo sharti yapewe misimbo. Kuta mbili za mawe, kila mmoja unene mita 0.3 na kimo mita 0.6, kwa urefu wa mita 100 ni mita za ujazo 36, ambazo mkadiriaji gharama hazipati iwapo msimbo umeachwa wazi.

Hitilafu iwasumbuayo wengi ni kipande kutoonekana kinapowekwa mara ya kwanza, kwa kuwa ardhi na mpaka havijatajwa bado. Dawa yake ni tawi la tatu, lenye mtaro wa vipimo vya kukisia, litumikalo pale tu shabaha inapokosekana. Kisha, katika dirisha la majaribio, uso wa ardhi huburutwa polepole juu na chini ya AP1, ionekane kama mtaro hujitokeza pale pale chanya inapogeuka hasi.