Huzuni Iliyojengwa: Kauli ya Pili katika Simfonia ya 40 ya Mozart

Kati ya simfonia nyingi zinazojulikana kwa hakika kuwa za Wolfgang Amadeus Mozart, ni mbili tu zilizo kwenye maina, na zote mbili ni za G maina. Moja ni ya 1773, inayohesabiwa kuwa ya 25. Nyingine ni ya 40, aliyoimaliza jijini Vienna tarehe 25 Julai 1788. Hii ya pili hutajwa haraka kila mtu anapotaka mfano wa muziki wa majonzi, na sababu inayotolewa huwa fupi: iko kwenye maina. Sababu hiyo hainitoshi. Skeli ni malighafi, na malighafi hailii. Ninavyousikia muziki huu, uchungu wake unatokana na mpangilio: Mozart anatupa kitu chema, anatuacha tukizoee, kisha anakirudisha kikiwa kimeguswa mahali ambapo hakiwezi kupona.

Aliyeimba kwaya kwa tonikisolfa atalifuata jambo hili bila shida. Skeli ya meja ina makao yake kwenye do. Ukizichukua noti zilezile, ukayahamishia makao kwenye la, umeingia maina. Ndiyo maana kila maina ina meja yake ya karibu, na kwa G maina meja hiyo ni B-flati. Hakuna huzuni ya lazima katika uhamisho huo. Msikilizaji aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kushawishiwa, kwa kuwa maqam (yaani skeli ya Kiarabu) ya Nahawand, inayokaribiana sana na skeli ya maina, hubeba mahaba na sifa sawasawa na inavyobeba kilio. Kinachoipa maina uzito katika Vienna ya karne ya 18 ni safari inayofanywa kati yake na meja, na mahali safari hiyo inapoishia.

Simfonia inaanza kwa sauti ya chini. Viola zinatangulia na mpigo wa haraka usiotulia, na kabla ya kipimo cha kwanza kwisha fidla zinaingia na kauli ya kwanza, yaani wimbo mkuu wa kwanza. Kwa solfa ya la, inaimbika hivi: fa mi mi, fa mi mi, fa mi mi do. Kutoka fa hadi mi ni nusu toni, hatua ndogo kuliko zote katika skeli, na watunzi wa Ulaya walikuwa wameitumia kwa vizazi nusu toni ya kushuka kuigiza mtu anayepiga kite. Mozart anaipiga mara tatu, kisha sauti inaruka juu hadi do, na mara inaanza kuteremka ngazi kwa ngazi. Mruko huo haufiki popote. Unatupatia tu kimo cha kuangukia.

Hata hivyo kite hicho peke yake hakifanyi msiba. Mwendo ni wa kasi, sauti ni nyepesi, na Robert Schumann, aliyekuwa mhakiki makini, alisikia humo wepesi na madaha ya Kigiriki badala ya kilio. Sidhani kuwa alikosea sikio. Kauli ya kwanza ina wasiwasi zaidi kuliko huzuni. Huzuni yenyewe inategemea kitu ambacho bado hatujakisikia.

Kitu hicho kinakuja baada ya okestra kupiga kwa nguvu na kunyamaza ghafla kwa kipimo kizima. Katika ukimya huo tunavuka kwenda B-flati meja, na kauli ya pili inaanza. Fidla zinatoa noti chache, vyombo vya upepo vinaitikia, kisha fidla zinarejea, kama watu wawili wanaosikilizana. Baada ya haraka yote ya mwanzo, hapa pana nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini tega sikio vizuri: wimbo huu nao unashuka kwa nusu toni. Kite cha mwanzo kimefuatana nasi hadi ndani ya meja, ila hapa kinasikika kama upole. Mozart ametumia kiungo kilekile kwa hisia mbili, na kwa kufanya hivyo ametuonyesha mapema kuwa noti zenyewe hazijaamua chochote.

Kisha anaandika alama ya kurudia. Fungu lote la kwanza la sehemu hii ya simfonia linapigwa tena, kwa hiyo kauli ya pili tunaisikia kwenye meja mara mbili. Wapo waongozaji wa okestra wanaoiruka alama hiyo ili kuokoa dakika chache, na ninawalaumu. Mara ya kwanza mtu hukutana na kauli ile; mara ya pili huitambua. Mozart anahitaji tuitambue, kwa kuwa anachotaka kukiondoa ni lazima kwanza kiwe chetu.

Fungu la kati linatutupa mbali. Kauli ya kwanza inaanza upya kwenye F-shapu maina, nusu toni tu chini ya makao yetu kwa kipimo cha sikio, lakini ugenini kabisa kwa mantiki ya funguo. Kutoka hapo inahamahama na kumegwa vipande, hadi kinachobaki ni ile fa-mi ya mwanzo ikirushwa kati ya fidla na vyombo vya upepo. Marejeo, yaani fungu linalozirudisha kauli za mwanzo, yanaingia kimyakimya. Vyombo vya upepo havijamaliza kuteremka, na tayari fidla zimeshaanza wimbo wa mwanzo chini yao.

Hapa ndipo penye swali kuu la umbo hili. Kwa kanuni ya sonata, yaani umbo hili la kutoa kauli mbili, kuzihamahamisha na kuzirejesha, kauli ya pili, iliyosikika ugenini katika fungu la kwanza, lazima sasa irudi ikae kwenye makao. Katika kipande cha meja hilo ni jambo la heri: kila kitu kimerudi nyumbani. Katika kipande cha maina mtunzi ana njia mbili. Anaweza kuigeuza nyumba yenyewe kuwa meja, ili kauli ile ibaki na mwanga wake. Beethoven alifanya hivyo katika Simfonia ya 5, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Kauli ya pili ya sehemu yake ya kwanza inarejea kwenye C meja, na ingawa C maina inaufunga mlango tena, ahadi imeshatolewa na sehemu ya mwisho inaitimiza kwa trombone na shangwe.

Mozart anachukua njia ya pili. Ukimya uleule unatangulia. Fidla na vyombo vya upepo vinapokezana vilevile. Sura ya wimbo haikubadilika, ila makao yake sasa ni G maina. Wimbo uliokuwa mapumziko umekuwa shahidi wa kupotea kwa mapumziko hayo, na nusu toni zilizosikika kama upole sasa zinasikika kama kite tulichokisikia tangu mwanzo. Hakuna mpigo wa ngoma unaotangaza msiba. Simfonia hii haina ngoma wala tarumbeta hata moja. Umbo lenyewe limefanya kazi yote. Meja ilikuwa mtaji, na bila mtaji hakuna hasara.

Kwamba hili lilipangwa linaonekana hata katika vyombo. Pembe za shaba za wakati ule hazikuwa na vali, na kila pembe ilitoa noti chache za ufunguo wake tu. Kwa kawaida mtunzi aliandikia pembe mbili za ufunguo mmoja. Katika sehemu ya kwanza na ya mwisho ya simfonia Mozart anaweka moja ya G na nyingine ya B-flati, ili kwa pamoja zimpe noti nyingi zaidi na aweze kuzitumia kwenye maina na kwenye meja yake. Funguo mbili ambazo kauli ya pili itasafiri kati yake zilikuwa zimekaa pamoja kwenye safu ya pembe tangu ukurasa wa kwanza.

Ushahidi mwingine uko kwenye opera ya Mozart mwenyewe. Katika The Magic Flute, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1791, Pamina anaamini kuwa Tamino hampendi tena, kumbe kijana amefungwa na nadhiri ya kunyamaza. Wimbo wake wa kukata tamaa uko kwenye G maina. Anapozitaja saa za raha ambazo hazitarudi, muziki unaelekea B-flati meja, na sauti inapanda kwa mapambo mazuri kuliko yote ya wimbo ule. Kisha anamwonyesha Tamino machozi yake, na maina inarudi. Funguo ni zilezile mbili, na safari ni ileile. Maneno yanasema waziwazi kile ambacho simfonia ilikisema bila maneno: B-flati ni mahali pa raha iliyokwisha kupita.

Wako wanaotafuta chanzo cha huzuni hii katika maisha ya mtunzi. Ni kweli kwamba binti yake Theresia, mtoto wa miezi sita, alifariki tarehe 29 Juni 1788, na kwamba mwaka ule Mozart alimwandikia rafiki yake Michael Puchberg akiomba mikopo. Lakini tarehe 10 Agosti, siku 16 baada ya kuimaliza simfonia hii, alimaliza ile ya 41, ya C meja, yenye fahari na nguvu. Kama msiba ndio ungechagua ufunguo, tungelazimika kueleza fahari hiyo imetoka wapi. Naiheshimu huzuni ya mzazi, na kwa sababu hiyo siko tayari kuifanya jibu la haraka la swali la ufundi.

Sehemu ya mwisho ya simfonia inathibitisha uamuzi huo wa kubaki kwenye maina. Hapo pia kauli ya pili inasikika kwenye B-flati meja na kurejea kwenye G maina, na simfonia inafungwa palepale kwenye maina. Mozart aliijua njia ya faraja: konseto yake ya piano ya D maina, ya 1785, inaishia kwenye D meja. Hapa aliikataa.

Miaka 39 baadaye, mwaka 1827, Franz Schubert aliufungua mfululizo wake wa Winterreise kwa wimbo wa D maina, akaugeuza ubeti wa mwisho kuwa D meja pale kijana anapoondoka usiku bila kumwamsha mpenzi wake. Meja hiyo inachoma kuliko maina yote iliyoitangulia. Kwa hiyo anayefundisha watoto kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni anawanyima swali lenye faida zaidi. Awaimbishe fa mi mi, awachezee kauli ya pili mara zote tatu, kisha awaulize: wimbo huu ulikuwa wapi mwanzoni, na sasa umerudi ukiwa wapi?